Sweta ya Mjomba Inawasha

Mimi nazungumza Kijerumani. Na si cha kuokotaokota: katika kundi la wanafunzi thelathini nilikuwa wa kwanza, nikampita hadi daktari mmoja wa meno kwa alama mia nne, na kobe mwenye miwani akanivisha taji la dhahabu mbele ya watu wote. Nina miaka sabini na moja na niliishia darasa la saba. Haya, mpigieni bibi makofi.

Basi, shusheni mikono. Zile alama nyingi hazikuwa zangu, zilikuwa za cherehani. Nitawaeleza, lakini msinikimbize.

Kazi yangu ni ushonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ndicho karakana: cherehani ya kukanyaga kwa miguu iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na ukutani kuna ubao wenye misumari ya kutundikia nguo za wateja. Anayeingia humo hatoki bila lesi. Ukiniletea gauni, nitakuwekea lesi shingoni. Ukiniletea blauzi, nitakuwekea mikononi. Kuna mzee mmoja aliniletea pajama nikajizuia, lakini kwa shida. Lesi yangu naitia wanga mpaka inasimama wima yenyewe. Hiyo ndiyo saini yangu hapa mtaani.

Naishi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa mfuaji nguo wa hospitali mpaka alipostaafu, na hadi leo akishika shuka hulikung'uta kama anamtoa mtu roho. Mume wangu alipoondoka duniani aliniachia huyu dada yake, na bado sijajua kama alikuwa ananipa zawadi au ananilipizia. Tunataniana tangu asubuhi. Siku tukinyamaza, majirani huja kuuliza nani anaumwa.

Sasa yuko kitindamimba wangu. Huyu alikwenda kufanya kazi ng'ambo, akaoa huko huko, na mke aliyempata lugha yake ni Kijerumani. Wakapata binti. Mjukuu wangu huyo anajua Kijerumani, basi. Kila nikimuuliza baba mtu kwa nini hakumfundisha lugha yetu, husema, "Kazi zilikuwa nyingi, Mama." Mtoto ana miaka saba. Kazi gani hiyo isiyo na mapumziko miaka saba?

Kila Jumapili alasiri tunapigiana simu ya video. Nasema mimi, kitindamimba anatafsiri. Anasema mtoto, kitindamimba anatafsiri. Hapo ndipo penye kidonda changu. Nampa mita tatu za maneno, yeye anamkatia mtoto kitambaa cha leso. Siku moja nilimhadithia mjukuu wangu jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia karakana akameza futi yangu ya kupimia, tukawa tunaivuta inatoka kidogo kidogo, na wifi anasoma namba kwa sauti, "Arobaini na mbili! Arobaini na tatu!" Nilihadithia kwa mikono na miguu. Wifi pembeni alikuwa anajifuta machozi kwa kucheka. Kitindamimba akamgeukia mtoto, akasema maneno matano. Matano, niliyahesabu kwa vidole. Mtoto akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa bei ya vitunguu, halafu akatazama mlango.

Kule kutazama mlango nilikuelewa bila mkalimani.

Siku ile nikajua ninachotaka. Nilitaka mjukuu wangu acheke kwa maneno yaliyotoka mdomoni mwangu mimi, si yaliyopita kwa baba yake yakakondeana njiani. Na nilitaka iwe mapema, kabla mtoto hajafika umri wa kuona simu ya bibi ni adhabu ya Jumapili.

Nikaenda kwa fundi simu wa pale kona, mama wa makamo ambaye miwani yake huning'inia kwa kamba niliyomsukia mwenyewe.

"Nitilie Kijerumani humu," nikamwambia.

"Chote, mama?"

"Wewe tia. Kitakachonishinda nitakurudishia."

Akanitilia programu ya kujifunza. Ndani yake kuna kobe amevaa miwani. Kobe anakuonyesha picha, anatamka neno, wewe unalirudia kwa sauti, naye anakupa alama na kukushindanisha na wanafunzi wengine wa kundi lako. Ukikosea anafumba macho. Ukiruka siku bila kusoma anatoa chozi. Mimi na marehemu tulikaa miaka thelathini na minane, hakuwahi kunililia hivyo.

Wifi aliponikuta nasema peke yangu dirishani alidhani akili zimeanza kuniruka. Nilipomweleza, kesho yake na yeye huyo kwa fundi simu.

"Wewe Kijerumani utazungumza na nani?" nikamuuliza.

"Na wewe. Nataka niwe nakusema kwa lugha mbili."

Tukakubaliana jambo moja: kitindamimba asijue. Nilitaka siku nitakayofungua kinywa, aanguke na kiti chake.

Nikaingia darasani. Kwa Wajerumani, kumbe, kila kitu kina ujike au udume. Sketi ni ya kiume. Suruali ni ya kike. Nimeshona miaka arobaini na mitatu na hakuna aliyenidokeza. Gauni lenyewe halina upande, liko kati tu, linatazama ugomvi. Halafu kobe akaniambia kwamba shule, kwao, ni shule. Vile vile! Nikamwita wifi kwa kelele: "Njoo usikie! Kumbe tangu darasa la kwanza tulikuwa tunasema Kijerumani, na walimu wakatunyamazia!"

Tukajiwekea sheria: Jumanne na Ijumaa, jikoni ni Kijerumani kitupu. Siku hizo jikoni kwetu palikuwa kimya kuliko maktaba. Mara tatu tulikunywa chai chungu kwa sababu kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aombe sukari, na hakuna aliyejua inaitwaje. Kobe alipokuja kutufundisha, tukaona hata sukari yao haiko mbali na yetu. Wifi alikasirika siku nzima. "Tumekunywa chai chungu bure," akasema. "Ningesema sukari tu, ungenielewa."

Na sentensi za kobe! Sijui nani humtungia. Farasi anasoma gazeti. Shangazi yangu ana funguo kumi na moja. Lakini tuliyoipenda kuliko zote ilitoka kwenye somo la mavazi: Sweta ya mjomba inawasha shingoni. Hiyo wifi aliikamata, akaifanya salamu yake. Anaamka, sweta ya mjomba inawasha. Maji yamekatika, sweta ya mjomba inawasha. Mteja mmoja akaniuliza kama wifi yangu amejiunga na dini mpya.

Sasa cherehani. Nina kazi za watu, siwezi kukaa mikono mitupu napiga soga na kobe. Nikawa naiegemeza simu kwenye cherehani, nashona huku nasoma. Pale pa kutamka unabonyeza picha ya maikrofoni kwanza. Siku moja nikabonyeza, na kabla sijafungua mdomo mguu ukakanyaga: taka-taka-taka-taka. Kobe akaruka juu. "Vizuri sana!"

Nikatazama huku na huku. Nikabonyeza tena, nikakanyaga tena. "Hongera!"

Nikagundua kobe sikio lake zito, na kwamba pindo la pazia analipenda kuliko pindo la suruali. Wiki ile nilikuwa na mapazia ya ukumbi mzima. Mpaka Ijumaa nimempita daktari wa meno, nimepata taji, na wifi aliyesoma kwa jasho lake yuko nafasi ya kumi na tisa. Nikamwonyesha taji asubuhi, mchana na jioni. Na, niseme kweli, na mimi nilianza kuamini.

Wifi si mjinga. Miaka thelathini ya kufua nguo za hospitali imemfundisha kutafuta doa. Akajificha nyuma ya mapazia niliyokuwa nimeyatundika, akanitazama nashona mita nne na mdomo nimeufunga, kobe ananimwagia sifa.

"Hee!" akatoka. "Wewe mwanamke hujatamka hata herufi!"

"Natamka moyoni."

"Haya, mwenye taji. Nitolee hii moja: mjukuu wangu, njoo karibu. Kwa Kijerumani."

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nikapata "mjukuu" na hapo nikakwama, nikasimama kama cherehani iliyokatika mkanda. Nilitegemea wifi acheke, hakucheka. Akachukua kapu lake la nguo akasema taratibu, "Basi Jumapili tumwache cherehani aongee na mtoto. Wewe utakaa pembeni ushone."

Iliniingia hiyo. Ilipita kwenye mfupa.

Jioni ile ile nikafuta alama zote, taji na kila kitu. Kobe akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikaanza somo la kwanza: habari za asubuhi, mimi ni mwanamke, huyu ni paka. Safari hii nikiwa nasoma naweka miguu juu ya kigoda, mbali na pedali, na wifi anakaa mbele yangu anakunja nguo na kunisikiliza. Nikiteleza, ananipiga na soksi. Miezi mitano nilikwenda hivyo. Niliyajua maneno ya nyumba, ya mwili, ya mavazi ndiyo usiseme. Kwa Kijerumani naweza kukupima bega hadi kiuno bila kukosea. Niulize habari ya siasa, nitakuambia farasi anasoma gazeti.

Nisisahau jambo la magauni. Kila mwaka mjukuu wangu anapokaribia siku yake ya kuzaliwa, namshonea gauni nampelekea kwa posta. Mwaka jana lilikuwa la njano, lesi shingoni na mikononi. Kitindamimba aliniambia kwa kinywa chake: "Mama, amelivaa siku ya kupiga picha shuleni. Mwalimu wake ameuliza fundi ni nani. Limevaliwa mpaka limechakaa!" Nililia kidogo siku ile. Halafu nikawasimulia wateja wote, mmoja mmoja, na wale waliokuja mara mbili niliwasimulia mara mbili. Wifi alikuwa ameijua hadithi hiyo mpaka akawa anaimalizia.

Kwa hiyo mwaka huu nikajipinda zaidi. Gauni rangi ya chungwa, marinda sita, lesi shingoni safu mbili, na wanga nikaitia mara mbili ili isilale njiani.

Gauni likafika, na Jumapili nayo ikafika. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la vifungo. Wifi akaketi kando yangu, nje ya picha, mguu wake juu ya wangu kama breki. Kitindamimba akatokea, uso umejaa kioo kizima, akasalimu, kisha akamvuta mtoto mbele.

Amevaa gauni. Limemkaa vizuri mabegani, hilo nililiona kwanza. Fundi ni fundi. Lakini mtoto mwenyewe amesimama kama ameazimwa shingo. Kidevu juu, kichwa hakigeuki.

Akamwambia baba yake kitu, haraka haraka. Nami, jamani, nikasikia. Si yote. Nikasikia shingo. Nikasikia inawasha. Nikasikia kuvua, na sasa hivi.

Chini ya meza wifi akanifinya paja mpaka nikaona nyota.

"Anasemaje?" nikamuuliza mwanangu.

"Anasema ni zuri mno, Mama. Hataki hata kulivua."

Ningeweza kusema hapo hapo. Lakini mimi ni mtu mbaya kidogo, nikataka kuona kitambaa chake kina urefu gani.

"Alhamdulillahi. Na shingoni je? Muulize shingoni liko sawa?"

Akainama kwa mtoto. Hakumuuliza shingo wala bega. Alimwambia, nilielewa kila neno kwa sababu lilikuwa somo la nne, "Tabasamu kwa bibi." Mtoto akaonyesha meno, kama yuko kwa yule daktari niliyempita alama.

"Anasema shingo ndiyo anayoipenda kuliko vyote," akasema kitindamimba.

"Sweta ya mjomba," wifi akanong'ona, mdomo ameuziba na upande wa khanga.

Nikavuta pumzi. Moyo ulikuwa unakwenda kama mguu kwenye pedali. Nikasogea karibu na kopo la vifungo, nikasema kwa Kijerumani, polepole, kila neno nikiliweka chini kabla ya kuokota lingine:

"Mjukuu wangu. Njoo karibu. Inawasha wapi?"

Kitindamimba hakuanguka na kiti. Alibaki mdomo wazi tu, ukaonekana mpaka ule mwanya wake wa utotoni. Mtoto ndiye aliyegeuka, akamtazama baba yake, akanitazama mimi.

"Bibi?"

"Bibi. Inawasha wapi?"

Akaja mbio mpaka kioo kikawa shingo tupu. "Hapa," akasema. "Na hapa. Na hapa nyuma, Bibi, hapa ndiyo sana!" Na kweli kulikuwa na mstari mwekundu, umezunguka kama uzi wa kutarizi.

Lesi ile ni miaka arobaini na mitatu ya maisha yangu. Lakini mtoto alikuwa ameniambia mimi. Hakumwambia mtu aniambie. Na mlango alikuwa hautazami tena.

"Chukua mkasi," nikasema.

"Mkasi?"

"Mkasi. Bibi anasema, kata!"

Akapiga kelele ya furaha, akamwita mama yake. Mkwe wangu akaja na mkasi mdogo wa jikoni, akanitazama kama anaomba ruhusa, nikamwambia neno la ndiyo, akakata lesi safu zote mbili pale pale, nami nikimwelekeza kwa kidole asiguse mshono. Ikadondoka chini, ikasimama wima yenyewe sakafuni. Wanga mzuri ule.

Mtoto akazungusha shingo kushoto na kulia. Akasubiri nami niseme kitu. Kichwa changu kikawa kitupu, maneno yote ya mwili na mavazi yamekwisha, nikatoa sentensi pekee ndefu niliyokuwa nayo:

"Sweta ya mjomba inawasha shingoni."

"Mjomba gani?" akauliza mtoto, na mdomo umeanza kumcheza.

Hapo wifi hakuweza tena. Akaingiza kichwa ndani ya picha, akasema kwa sauti ya kutangaza msiba, "Farasi anasoma gazeti!"

Mtoto akaanguka. Alianguka chini kabisa, tukawa tunasikia kicheko tu, hatumwoni. Akainuka, akasema "Tena!", nikasema tena. Wifi akaleta shangazi na funguo kumi na moja. Mkwe wangu alikuwa ameegemea ukuta, anafuta macho kwa ile lesi. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, nimeshika kopo la vifungo kwa mikono miwili, na kama kobe angekuja kunivisha taji saa ile ningemwambia aliweke hapo mezani, nina mtoto naongea naye.

Kitindamimba alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja kama mtu aliyekalia kitu anachokificha.

Nikakumbuka.

"Mjukuu wangu," nikasema, "gauni la njano liko wapi?"

"Mama," mwanangu akaingilia kwa lugha yetu, mbio, "lile si nilikuambia lilichakaa? Alilivaa mno. Lile la picha za shule..."

Mtoto alikuwa ameshaondoka mbio. Akarudi amekumbatia dubu mkubwa wa kuchezea, wa manyoya, na dubu amevaa gauni la njano jipya kabisa, lesi imesimama mpaka kwenye masikio.

"Yeye halimwashi," akanieleza mtoto. "Ana manyoya."

"Na mwalimu alisemaje?" nikauliza. "Siku ya picha?"

"Mwalimu gani, Bibi?"

Wifi akageuza uso wote, akanitazama. Mwaka mzima aliimalizia hadithi ile kwa wateja wangu.

"Kitindamimba," nikasema. "Hebu nitafsirie hapo. Anasema nini?"

Mwanangu akafungua mdomo. "Mama... ha... mtandao... una..." Halafu akakauka. Akabaki vile vile, mdomo nusu wazi, jicho moja limelegea, kidole kimoja hewani, kama picha ya simu iliyokwama. Hakupumua. Alikuwa anafanya vizuri, na pengine angenipata, maana mtandao wa huko kwao hukatika kweli.

"Mwanangu," nikamwambia, "pepesa macho. Mwanao anarukaruka na dubu nyuma yako."